Gurudumu la Mbele la Liborio

Nimeendesha gari la timu ya baiskeli kwa miaka mingi, na nimewaona waendeshaji wa kila namna: wenye mbwembwe, wavivu, waongo, wawili watatu wenye kipaji cha kweli. Mjinga kama Liborio Tabares sijamwona tena. Hasira yangu juu yake haijapoa mpaka leo, kwa sababu nilimpenda. Ndiye aliyemsimamia binti yangu Marleny kwenye ubatizo, na tangu siku hiyo tukawa tunaitana ndugu.

Alizaliwa kwenye tanuri la matofali, kule bondeni karibu na mto Magdalena, ambako joto halilali. Baba yake alikufa akikohoa vumbi jekundu. Kaka zake wawili bado wapo pale pale, wanakohoa na kusubiri. Baiskeli ndiyo iliyomtoa Liborio huko, ingawa hakuwahi kushinda chochote, hata kuku wa bahati nasibu ya parokia. Timu ilimchukua awe mbeba maji. Nahodha akiona kiu, Liborio anarudi nyuma mpaka kwenye gari langu, anajaza chupa mgongoni na kifuani mpaka anavimba kama mjamzito, kisha anawafukuzia wenzake. Upepo ukivuma, yeye anatangulia kuukinga. Nahodha akipata pancha, Liborio anashuka, anachomoa gurudumu lake na kumpa, halafu anabaki kando ya barabara. Kazi yake ni hiyo, na aliifanya kwa moyo kuliko nahodha alivyowahi kufanya ya kwake.

Nahodha wetu alikuwa Arcesio; Liborio alimwita bosi. Alikuwa mpandaji hodari, sikatai. Lakini Desemba ile yote alikula nguruwe wa kuokwa kwenye kila sherehe aliyoalikwa na nyingine ambazo hakualikwa, na Januari ikamkuta na kitambi.

Asubuhi ya mazoezi ya kuchuja tulikuwa mji wa Mariquita, chini ya mlima. Jua lilikuwa limeanza kuchoma mapema, lami inanata kwenye viatu. Kocha Baudilio alipanda juu ya boneti ya gari langu, bila kuniuliza, akawatazama vijana wake.

"Leo hakuna timu," akasema. "Mwenye kiwanda cha tambi anayetudhamini kapunguza fungu. Mko sita, nataka watano. Wa mwisho kufika Letras anaiacha baiskeli huko huko juu. Gari halitoi maji, halitoi gurudumu, halitoi huruma. Kila mtu na roho yake."

"Hata mimi, kocha?" Arcesio akauliza huku anacheka.

"Hata wewe, malkia. Na hilo tumbo ulihesabie kama abiria."

Wote wakacheka, Liborio akacheka kuliko wote. Kisha akaja dirishani kwangu.

"Ndugu, leo simbebi mtu."

"Apa."

"Naapa kwa Bikira. Mke wangu Nohemí kaniambia nikirudi tanurini, nisirudi nyumbani."

"Basi leo kuwa na roho mbaya, japo mara moja tu katika maisha yako."

"Nitajaribu," akasema, na akawa anamaanisha.

Kutoka Mariquita mpaka Letras ni kupanda tu, siku nzima, na nusu ya kwanza ni ndani ya joto la kupikia. Kufika mji wa Fresno fulana zao zilikuwa nyeupe kwa chumvi. Mmoja alitapika juu ya usukani wake bila kusimama. Wachuma kahawa walisimama ukingoni na ndoo za maji, kocha, kando yangu garini, akawafokea kwa kipaza sauti wasimwagie mtu. Hakuacha kupiga kelele njia nzima.

"Bibi yangu anapanda huu mlima na kikapu cha ndizi kichwani! Na ana goti bovu!"

Liborio alikuwa wa pili. Nasema tena, wa pili! Alikuwa anapanda kwa utulivu, midomo imepasuka, mikono imelegea juu ya usukani. Kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama mbele tu, hageuki kuangalia kama kuna mtu anamhitaji. Nikafurahi peke yangu pale kwenye usukani, nikaanza hata kupiga mluzi.

Arcesio alikuwa wa mwisho. Nguruwe wa Desemba alikuwa anamdai chake. Chini kidogo ya kijiji cha Padua akaingia shimoni, tairi la mbele likapasuka na rimu ikapinda. Akashuka. Hakumwita mtu. Aliinua mkono juu, kama anavyofanya kwenye mashindano, akasimama.

Nikakanyaga breki.

"Unafanya nini?" kocha akaniuliza. "Pita."

Hapo barabara inapiga kona nyingi, na aliye juu anamwona aliye chini. Liborio alikuwa kona mbili juu yetu. Sijui nini kilimfanya ageuze shingo. Aliuona ule mkono. Na mimi nikaona baiskeli yake inageuka kuelekea chini.

Nikapiga honi mpaka kiganja kikauma. Nikatoa kichwa nje. "Liborio! Mpumbavu wewe, geuka! Geuka, panda!"

Alikuja akiteremka ule mlima alioupanda kwa jasho lake lote, akiwapita wenzake watatu waliokuwa wanamshangaa. Alipofika aliruka chini na kuanza kuchomoa gurudumu la mbele kabla vumbi halijatulia. Arcesio alikuwa anamngoja, mkono mmoja umenyooshwa, kama mtu anayetoka kuoga anangoja taulo. Liborio akamfungia gurudumu, akamsukuma mgongoni mpaka akapata mwendo. Arcesio akaondoka bila kugeuka.

"Kocha, tumpe moja," nikasema. "Yako manne hapo juu ya gari."

"Nilisema nini kule chini?"

Liborio mwenyewe hakuyaangalia hata kidogo. Alitoa tairi la akiba chini ya kiti, akalivisha kwenye ile rimu iliyopinda, akalegeza breki ili isikwaruze. Tulipompita akaniuliza jambo moja tu.

"Bosi anawakaribia?"

Nikakanyaga mafuta. Ningebaki pale, ningemtukana.

Letras ni baridi na ukungu. Watano walikuwa wamekaa ndani ya duka wakinywa supu ya mbavu, Arcesio akiwa wa tano, na bakuli la pili mkononi. Liborio alitokea muda mrefu baadaye, gurudumu linayumba kama mlevi, uso mweupe kwa chumvi. Hakuweza kushuka. Nilimwondoa juu ya baiskeli mimi, kama unavyomshusha mtoto.

Kocha akatoka mlangoni. "Iegemeze hapo."

"Kocha, umeona mwenyewe kilichotokea," nikasema.

"Nimeona wa mwisho."

Nikamgeukia Arcesio. "Sema basi! Una mdomo wa kula tu?"

Arcesio akafuta mafuta midomoni. "Sikumwomba," akasema.

Kila mtu akamtazama Liborio. Nilingoja atukane, arushe jiwe, alie, chochote.

"Ni kweli, kocha," akasema. "Hakuniomba."

Nilitamani kumzaba kibao. Akaiegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu, akafuta tope kwenye kiti kwa mkono wa fulana. Kisha akasimama mbele ya kocha, na mwanzoni nilidhani sasa ataomba.

"Lakini kwenye mashindano, kocha. Bosi akipata pancha, nani atampa gurudumu?"

Hakuwa anakejeli. Ningeshukuru kama angekuwa anakejeli. Alikuwa na wasiwasi kweli.

Kocha alichokonoa meno kwanza. "Atapatikana," akasema. "Watu kama wewe hawaadimiki."

Liborio akaitikia kwa kichwa, na naapa niliuona uso wake umetulia.