Ngozi Kama Yai

Mdogo wangu Delwin ni fundi wa viyoyozi. Ukiwa unaishi El Campo, huku Texas, na kiyoyozi chako kikakata roho mwezi wa nane, utampigia yeye, na atakuja hata kama ni Jumapili. Atapanda darini kwako kwenye joto la kuoka mkate, na akishuka atakwambia, "Ilikuwa feni. Nimebadilisha," kisha anaondoka. Si mtu wa maneno. Nimempita miaka kumi na mitatu, nimembeba mgongoni mama yetu akiwa kazini kwenye kinu cha mpunga, na mpaka leo sijawahi kusikia sentensi yake yenye mkia.

Mkewe, Tricia, alifariki mwezi wa tatu, kwa saratani iliyomchukua kwa wiki kumi na moja tu. Siku ya mazishi tulikuwa tunakula kwenye ukumbi wa kanisa, joto limeshaanza, na mashine ya ukumbi ikazima. Delwin alivua koti lake jeusi, akatoka nje, akaitengeneza. Alirudi na grisi kwenye shati jeupe akaendelea kushikana mikono na watu. Wanawake wa parokia walisema, ona jinsi alivyo imara. Mimi najua uimara, na ule haukuwa uimara.

Mwezi wa tano alikuja kwangu niwarudishie watu mabakuli ya chakula walichomletea. Yalikuwa ishirini na tatu, na hakuna hata mtu mmoja aliyepika kitu kingine zaidi ya tambi na jibini. Akasimama mlangoni kwangu na rundo lake.

"Dada, mimi sihisi kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Watoto wakinikumbatia ni kama nimevaa koti la baridi. Najua wananikumbatia. Basi."

Kazi yangu ni kusafisha meno, miaka ishirini na sita sasa, na ganzi naijua. Mtu aliyechomwa sindano ya ganzi anaweza kujing'ata mdomo mpaka damu imtoke, na bado anakuuliza kama ataruhusiwa kunywa kahawa. Nilimwonea huruma na nikaogopa. Nikachukua mabakuli.

Lakini aliyetutia wasiwasi zaidi alikuwa Josie, bintiye wa miaka sita. Rhett, mdogo wake, ana miaka minne na bado anaamini kila kitu, pamoja na Baba Krismasi. Josie alikuwa ameacha kuamini. Tricia alimwambia mambo mawili kitandani hospitalini. La kwanza, kwamba atarudi nyumbani kabla ya Pasaka. La pili, kwamba ngozi ya pomboo ni kama yai la kuchemsha lililomenywa, na kwamba baba atampeleka akaguse mwenyewe. Tricia aliwahi kumgusa pomboo kwenye fungate yao, na yai alilijua vizuri kuliko watu wengi. Kila asubuhi alikuwa akiimenyea nyumba nzima, kwa sababu Delwin, mwenye vidole vya kuchuna waya mwembamba kama unywele, akimenya yai utadhani limemtukana.

Pasaka ikafika, mnajua yaliyotokea. Tangu hapo ukimwambia Josie "mama alisema upige mswaki" au "mama alisema wewe ni msichana jasiri", anakutazama kwa macho makavu na kukujibu, "Mama alisema pia atarudi." Na mayai hayakupikwa tena katika nyumba ile.

Mwezi wa kumi na moja Delwin alinipigia simu. "Nampeleka akamguse pomboo," akasema.

"Del, unajua hata pa kuanzia?"

"Nataka akute ni kweli. Mengine siwezi. Hili naweza. Twende wote."

Pomboo wa kuguswa wako Cozumel, kisiwa cha Meksiko, na huko tungekwenda kwa meli. Kwa meli za starehe, mtu wa kuulizwa ni mimi. Nimeshapanda mara kumi na moja kutoka bandari ya Galveston, na nikisema nina sheria zangu, nina sheria zangu. Nilichapisha fulana za buluu nne zenye jina letu, Kubena, mgongoni. Nikawahubiria juu ya saa. Kwenye meli kuna saa moja tu, nikasema, saa ya meli. Ukifuata saa ya bandarini, meli itakuacha, na sisi wengine tutakuwa juu kwenye sitaha tukikupigia makofi unavyokimbia gatini na begi lako la kofia za sombrero. Nimewapigia wengi makofi hayo. Asubuhi ya kufika Cozumel nikakusanya simu zote, nikazifungia kabatini chumbani ili zisitudanganye, nikavaa saa yangu ya mkononi. Tiketi za pomboo Delwin alikuwa amezinunua mwenyewe, moja kwa moja kwa wenye bustani ya pomboo, za saa nne asubuhi.

Tulifika getini na robo saa mkononi. Nilikuwa nimejaa sifa. Mwanamke wa pale mapokezi, Ofelia, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, alitazama karatasi yetu, akatazama fulana zetu.

"Kundi lenu lilishaingia majini, mama."

"Lingeingiaje? Ni saa nne kasorobo!"

"Ya meli," akasema kwa upole. "Hapa kisiwani ni saa tano kasorobo. Tiketi inafuata saa ya hapa, imeandikwa hapa chini."

"Maandishi haya anayaona nani, sisimizi?"

"Kila wiki napata familia moja, mama. Na mara nyingi wana fulana za rangi moja."

Nilimgombeza. Sijivunii. Nilimwambia mambo juu ya saa zao, juu ya serikali yao, juu ya miwani yake. Yote yale nilikuwa nikijigombeza mwenyewe kwa sauti, maana simu nilizozifungia kabatini zingetuonyesha saa ya kisiwa mara moja. Delwin alisimama tu pembeni, mikono inaning'inia. Laiti angenifokea.

"Nilijua," Josie akasema. Hakulia. Alisema hivyo tu, kama mtu mzima anayeambiwa basi limeshaondoka.

Ofelia alimtazama mtoto yule muda mrefu. Kisha akaivaa miwani yake, akafungua daftari lake. "Saa nane yetu, saa saba yenu, kuna familia imeghairi. Watoto wametapika kwenye boti. Nafasi nne. Mnaweza kusubiri?"

Tulisubiri. Meli ilitutaka saa tisa na nusu, kwa hiyo nilihesabu na kuhesabu tena, mara hii kwa saa zote mbili. Rhett alikula chipsi za mahindi na kulala pajani kwangu. Josie alikaa akiitazama kamba ya bwawa. Delwin alisikia pampu ya maji ikilia vibaya nyuma ya ukuta, akaenda, na alikaa huko karibu muda wote na fundi wa bustani. Hawakuwa na lugha moja, lakini niliwaona wamechuchumaa, wakielekezana kwa vidole, na wote wawili wameridhika.

Wakati ulipofika, Ofelia alitupanga kwenye benchi akatukagua mmoja mmoja. Hereni, saa, pini za nywele, vyote kwenye kikapu. Ngozi ya pomboo inachubuka hata kwa ukucha, akasema. Mimi sikuwa na pete ya kuvua, wanaume wangu wawili waliniondolea usumbufu huo zamani. Akafika kwa Delwin, akakigusa kidole chake.

"Na hii."

Delwin akaivuta. Haikutoka. Ilikuwa haijatoka kidoleni tangu siku ya harusi, na kidole kimenenepa pande zote mbili. Ofelia akaleta sabuni, kisha mafuta, kisha barafu kwenye kikombe. Kidole kikawa chekundu kama soseji na pete haikusogea.

"Tuifunge plasta," nikasema.

"Plasta inatoka majini. Kila mtu huniambia yake haitatoka."

"Sasa tufanyeje?"

"Kila mtoto chini ya miaka saba anaingia na mtu mzima wake. Wewe ingia na msichana. Baba abaki nje na mvulana."

Ilikuwa sawa kabisa. Nikamshika Josie mkono. "Haya mpenzi, twende mimi na wewe. Tutagusa, tutawasimulia."

Josie hakusogea. "Mama alisema na baba," akasema. Halafu akainua mabega yake madogo. "Lakini si kitu. Mama alisema mambo mengi."

Delwin alimtazama binti yake. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya ukuta kwenye pampu, na aliporudi fundi yule alikuwa akimfuata akitikisa kichwa. Delwin ameshika koleo ya kukatia nyaya. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkono juu ya goti, akapenyeza ncha ya koleo chini ya pete pale kwenye upande wa kiganja, akabana. Ililia kidogo tu. Akaipanua kwa vidole, akaitoa, akanipa.

"Nishikie."

Mimi nililia pale pale, na fundi yule akageuka ukutani. Delwin alinitazama kama unavyomtazama mtu anayelia kwenye televisheni. Mahali pa pete palikuwa peupe, na bonde limezunguka kidole. Nikaiweka pete kwenye mfuko wa mafuta ya jua ya watoto, nikaufunga zipu, nikaukabidhi kwa Ofelia.

Maji yalikuwa baridi, yakafika kiunoni kwangu. Watoto walielea na majaketi yao ya machungwa. Mkufunzi, kijana mwenye filimbi, alimleta pomboo jike mmoja mkubwa kuliko nilivyotegemea, mwenye jicho dogo linalokutazama kweli. Rhett aligusa kwanza, akapiga kelele, akataka kumpeleka nyumbani. Ikawa zamu ya Josie.

"Mkono wazi," akasema mkufunzi. "Taratibu, mgongoni."

Josie akaunyoosha mkono. Ukasimama hapo, juu kidogo ya mgongo ule wa kijivu, haushuki. Mkufunzi akamzungusha pomboo, akamrudisha. Mkono bado uko hewani.

"Gusa, mpenzi," nikasema. "Tumekuja kwa ajili hii."

Akamgeukia baba yake, akanong'ona, lakini nilisikia. "Na kama si kweli?"

Nilimsubiri Delwin aseme kitu, neno lolote, na nilijua hana. Aliuchukua mkono wa Josie ndani ya mkono wake wa kushoto, ule mtupu, akaushusha, na mikono yote miwili ikatua kwa pamoja.

Josie akausogeza mkono mbele, akaurudisha nyuma.

"Ni yai," akasema polepole. Kisha kwa sauti iliyofika mpaka kwenye maegesho, "Shangazi! Ni yai! Ni yai lenyewe!" Akamgeukia baba yake, uso wote maji. "Baba, unahisi?"

"Ndiyo," Delwin akasema.

Namjua mdogo wangu. Ile ilikuwa ndiyo ya kumjibia mteja anayeuliza kama mashine itafika majira ya joto. Hakuhisi kitu. Kwenye picha waliyotuuzia, Josie amefungua mdomo wote, Rhett amefumba macho, mimi nimevimba kwa kilio, na Delwin anatazama kama aliyepigwa picha ya leseni. Tulirudi melini mapema sana. Hakuna aliyetupigia makofi.

Kesho yake ilikuwa siku nzima ya bahari. Asubuhi tulikwenda bafe, na Josie akarudi mezani na mayai mawili ya kuchemsha kwenye sahani, ya kwanza niliyomwona nayo tangu Machi. Akaisukuma sahani mbele ya baba yake.

"Nimenyee."

Delwin akalipiga yai mezani, akaanza kulichuna. Vipande vya weupe vikatoka pamoja na ganda, likabaki kama gololi iliyoliwa na panya. Rhett akalichukua akalila bila malalamiko.

"Usiligombeze," Josie akasema. "Mama alikuwa analiviringisha kwanza. Hivi." Akauweka mkono wa baba yake juu ya yai la pili, wakalizungusha pamoja chini ya kiganja mpaka ganda likapasuka lote kwa ufa mdogo mdogo.

Delwin akalimenya. Ganda likatoka kama soksi. Yai likabaki zima kiganjani mwake, jeupe, lenye unyevu, na akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja, mara mbili. Josie akanyoosha mkono apewe. Hakumpa. Alilishika tu. Niliona kidevu cha Delwin kikianza kucheza, na sikuwahi kukiona kidevu kile kikicheza tangu yeye mwenyewe akiwa na miaka sita.

"Dada," akasema, na sauti ilikuwa ya mshangao. "Inauma."

Wagonjwa wangu nawaambia kila siku, tena kwa tabasamu, kwamba ganzi ikianza kutoka watajua. Yeye sikumwambia kitu. Nilisogeza kiti changu kikagusana na chake. Alilia pale, mtu mzima mwenye fulana ya buluu, watu wakipita na sahani za nyama na mikate, mabega yanaruka, na yai bado amelishika kwa uangalifu lisipondeke.

Josie alimwangalia. Hakuogopa. Alipanda kwenye goti lake, akamfuta uso kwa kitambaa cha karatasi, kwanza shavu moja, kisha la pili, kama alivyokuwa akifutwa yeye.

"Mama hakunidanganya, baba," akasema. "Ile ya Pasaka alikosea tu. Kama Shangazi na saa."