Mashine ya Bati Arobaini

Sifa zimrudie Mungu, aliyeweka baridi Lubero na joto Beni, na katika yote mawili akanipa pumzi ya kufikia uzee. Namshukuru hata kwa shemeji aliyenipa, ingawa kwa huyo shukrani yangu huchelewa kila mara.

Mke wangu alipopooza upande mmoja, tulikuwa tunakaa Beni, komini ya Beu. Alilala chali kutwa nzima, na joto la chini ya mabati likamfungulia vidonda mgongoni. Muuguzi aliyekuja kumfunga vidonda alituambia wazi kwamba ngozi isipokauka, vidonda vitafika kwenye mfupa. Chumba kilitakiwa kiwe na baridi, na kiwe kikavu.

Mdogo wake, mfanyabiashara wa Butembo, alisema kwa simu kwamba atanunua climatiseur, mashine ya kupoza hewa. Alikuwa hanipendi tangu siku za mahari. Aliniuliza nyumba ina ukubwa gani, nami nikamjibu kama sisi sote tunavyojibu: ni nyumba ya bati arobaini. Kwetu nyumba inahesabiwa kwa mabati ya paa. Anayejibu kwa metro anaonekana anaficha kitu.

Alifika mwenyewe na mashine kubwa, hata watu wawili walitoka jasho kuipandisha ukutani. Majirani walikuja kuangalia. "Sasa dada yangu atalala kama mutu," alisema mbele yao. "Hapana kama mbuzi zile zenye kukonda ulituletea."

Nilifagia vumbi la ukuta kwa hasira, si kwa utii wa Neno ninalofundisha kanisani.

Mashine ilipuliza baridi kali dakika chache, ikasimama, ikakaa kimya, ikaanza tena. Kila ilipoanza, taa za nyumba zilififia. Baridi ilikuwapo, lakini baridi ya maji: shuka zilishika unyevu, na baada ya juma moja vidonda vilikuwa vimelainika na kunuka. Nilimpigia shemeji. Akasema sijui kutumia kitu cha thamani, na bila shaka natafuta sababu ya kukiuza.

Nikamwita fundi wa frigo na mashine za baridi, mama mmoja Muislamu wa mtaa wetu. Shemeji naye akaja siku hiyo, kulinda mashine yake. Yule mama hakuigusa. Alipima sakafu kwa kamba ya kupimia: metro nne kwa tatu. Akaangalia plafond, dari iliyo chini ya mabati, akatazama dirisha linapata jua la saa gani, akauliza watu wangapi wanalala humo. Kisha akauliza nani alichagua mashine.

"Nyumba ni ya bati arobaini," shemeji akasema. "Nilinunua ya nyumba."

"Papa, mashine hapana poza bati. Inapoza chumba, na chumba ni hii moja."

Alieleza kwamba mashine inayozidi chumba hufikia baridi upesi mno, ikasimama kabla haijakausha hewa. Pale ilitosha ya BTU elfu tisa, ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza. Kama jua la jioni lingepiga ule ukuta, au kama plafond isingekuwapo, angesema elfu kumi na mbili. Yetu ilikuwa ya elfu ishirini na nne.

Shemeji akasema hapokei masomo ya mwanamke mwenye kamba, na dada yake hatawekewa mashine ya batoto. Hapo mke wangu, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima, akasema polepole: "Mugongo yangu inaoza."

Ndipo nikakiri mbele ya wote nilichoficha tangu yule mama alipotaja bati: hesabu ile ilitoka kinywani mwangu, na chumba sikukitaja kamwe. Nilijua shemeji atafurahia kukiri kwangu, na alifurahia.

"Na ni wewe unafundisha batu Neno," alisema. Lakini kosa lilikuwa limepata mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Kwa hiyo akakubali mashine iteremshwe.

Ndogo aliituma kwa dereva wake. Inafanya kazi muda mrefu bila makelele, maji yanadondoka nje kupitia bomba la mpira, shuka ni kavu. Vidonda viwili vimefunga, cha tatu kinafuata. Ile kubwa shemeji ameitundika katika salon, sebule yake kule Bulengera, Butembo, ambako wageni wanakaa wamevaa majaketi. Akija kumwona dada yake ananipita kama kiti, nami simfuati mlangoni.

Wewe unayesoma, Mungu akaushe kila kidonda cha nyumba yako, na akupe kipimo kinachokutosha. Na kama wewe ni shemeji wa mtu, akubariki pia.