Hodi ya Simu ya Jikoni

Hoteli yetu pale Mirongo ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: INTANETI IPO. Haikusema uongo. Ilikuwepo, kwenye kompyuta ya mapokezi iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na ilipita katika waya uleule wa simu ya hoteli. Mtu akiinua simu, intaneti inakata roho. Na jikoni kulikuwa na simu ya pili.

Mimi, kijana mwenye digrii ya sheria na tai moja, nilikuwa nimetumwa na chuo cha Dar kuwasaidia watahiniwa waliosomea nyumbani. Pale hotelini walikuwa wawili: sajini mstaafu, aliyesoma ili siku moja awakomoe mawakili waliomhangaisha kizimbani, na mama mmoja, karani wa mahakama kutoka Sengerema. Sajini alikuwa anajifurahisha. Mama karani alishafeli sheria ya ardhi mara mbili, na chuo hakikutoa nafasi ya nne.

Sasa sheria yenyewe ilikuwa imebadilishwa. Zama zile kila kitu kilibadilishwa, kuanzia mashirika ya umma hadi sabuni. Je, mtihani utauliza sheria ya zamani, aliyoikariri mama karani hadi ndani ya kivuko, au mpya? Simu ya chuo ilikuwa mbovu tangu masika. Mratibu alijibu barua pepe tu. Nikamwandikia. Ikabaki kupokea jibu.

Kila kompyuta ilipopiga namba, simu ya jikoni iligutuka: ting! Mpishi akamwacha sato kwenye mafuta, akainua.

"Haloo! Mwalimu, humu ndani kuna mtu analia!"

"Ni kompyuta! Weka chini!"

"Mbona inalia kama imefiwa?"

Baada ya siku nzima ya misiba hiyo, sajini alimshtaki mpishi mbele ya Mama mwenye hoteli, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Mheshimiwa," mpishi alijitetea, "simu ikiita nisipopokea, wewe unanifokea. Nikipokea, mwalimu ananifokea. Niende wapi, ziwani?"

Mama akapepeta, akatoa hukumu: "Simu ikishakuwa na mtu ndani, ni nyumba. Kabla ya kuinua, piga hodi. Mwalimu yumo, atakwambia usubiri."

Tukaisifu hukumu ile. Sajini alisema hata mahakama ya rufani isingeigusa. Kesho yake asubuhi kompyuta ikalia, ikatulia, ikakubali. Barua ya Dar ikaanza kushuka, jina la chuo kwanza. Kutoka jikoni, kwa adabu zote:

"Hodi!"

"Karibu!" nikajibu.

Ikakatika. Mama karani alinitazama kama anayemtazama shahidi aliyemgeuka.

Tulijaribu tena. Naapa nilijiandaa, niliuma hata ulimi. Lakini mtoto aliyelelewa na bibi hawezi kusikia hodi akasema "subiri". Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemkaribisha mpishi mara nne.

"Mwalimu, acha hiyo mashine," mama karani alisema, akifunga kilemba upya. "Nifundishe sheria zote mbili."

"Shikamoo, mama," nikasema, maana ile mpya nami sikuijua vizuri.

"Marahaba. Kaa tusome."

Tukasoma pamoja hadi jua likazama nyuma ya mawe, sajini akituuliza maswali kwa sauti ya kituo cha polisi. Kila nilipokosea, aliniamuru nisimame.

Siku ya mtihani nilibaki mapokezi, na mashine, kwa ukaidi wake, ikakubali. Barua ikashuka: salamu, pole kwa kuchelewa, "kuhusu swali lako la sheria ya ardhi, tunapenda kukufahamisha kwamba..."

Mlango ukafunguliwa. Mama karani aliingia akitweta, viatu mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye simu.

"Hodi, mwalimu! Nimpigie mume wangu. Wametaka tulinganishe ya zamani na mpya. Nimejaza karatasi, nikaomba nyingine!"

"Karibu, mama," nikasema.

Akainua. Hadi leo sijui Dar walijibu nini.