Mkono wa Tatu wa Mama Kulwa

Ndugu zangu, jina langu msiliulize. Mimi ndiye niliyesema kamera haidanganyi. Nilijua inadanganya, nikasema hivyo hivyo mbele za watu, na tangu siku ile simu yangu ikilia moyo unanidunda.

Nina kibanda cha kuchaji simu hapa Mwakitolyo, karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilikwenda Kahama nikanunua kamera ndogo ya kufunga kwenye kofia, zile za bei nafuu. Nilichoipendea ni slomo. Unarekodi kitu kinachokimbia, halafu unakitazama kinakwenda polepole kama mtu anayetembea kwenye tope.

Muuzaji alinitahadharisha mwenyewe. "Kijana, slomo yake siyo ya ukweli sana. Picha zikiwa chache, inajitengenezea nyingine za katikati. Usishangae ukiona mambo."

Na mambo niliyaona! Kuku wa jirani aliporuka alitokea na vichwa viwili, kimoja chepesi kama moshi. Bodaboda ikapita na magurudumu manne. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Ila wateja sikuwaambia kitu, niliwaacha washangae. Nilipenda walivyokuwa wakinisogelea na kusema kamera yangu inaona yasiyoonekana.

Siku hiyo asubuhi niliitegesha ichukue mkanda wa karasha, ule unaozungushwa na injini. Rafiki yangu Masanja alikuwa analisha mawe. Mama Kulwa akapita nyuma yake na ndoo ya uji, kama kawaida yake. Ni mjane, ana mapacha, Kulwa na Doto, na uji wake wa mtama umetushibisha wengi pale.

"Shikamoo, mama!" nikapaza sauti.

"Marahaba, mwanangu!" Akainua mkono kuniitikia, akaendelea na safari yake.

Hakufika mbali. Mkanda ukakatika! Ukamchapa Masanja mkononi, akaanguka chini akilia, "Mayu wane! Mayu wane!" Mtu mzima anamwita mama yake! Mfupa ulikuwa umetokeza nje. Nilimkimbilia, kamera nikaiacha ikirekodi.

Masanja alipopakiwa kwenda hospitali, wanaume wakajaa kibandani kwangu. "Tuone! Weka hiyo ya polepole!" Nikaweka.

Jamani! Mama Kulwa anapita taratibu. Anageuka. Anainua mkono. Na kwenye mkono ule ukachomoza mkono mwingine, mweupe-mweupe, unapitisha mwanga, ukanyooka kuelekea kwenye mkanda. Halafu mkanda ukakatika.

Mwenye karasha ndiye aliyetangulia kusema. "Mmeona wenyewe. Huyu mama ni mchawi, ana mkono wa tatu."

Mmoja akanishika bega. "Fundi, kamera yako hii inaweza kukosea?"

Ningesema pale pale! Kuku wa vichwa viwili alikuwa humo humo kwenye memori kadi, ni kubonyeza tu. Lakini wote walikuwa wananitazama mimi, na nikaogopa wasije wakajua nimekuwa nikiwachezea siku zote. Nikajibu, "Kamera haidanganyi." Wakaomba niwarushie hiyo video, nikawarushia.

Jua halijashuka, mwano ukapigwa. Kwetu Usukumani yowe hilo likilia unaacha tonge mkononi unakwenda na fimbo, na asiyekwenda anahesabiwa yuko upande wa mhalifu. Nikakimbia na mimi. Yowe lilitupeleka moja kwa moja nyumbani kwa Mama Kulwa. Wanaume walikuwa wameizunguka nyumba, wengine na mapanga. Yeye kasimama mlangoni, mapacha wamemng'ang'ania kitenge. Aliponiona uso ukamfunguka.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Waambie. Si ulinisalimia, nikakuitikia? Waambie basi!"

Niliogopa, ndugu zangu. Niliogopa kuliko siku niliyofukiwa nusu mwili shimoni, enzi nikichimba dhahabu. Nikisema ukweli, mapanga yale yananigeukia mimi. Nikinyamaza, wale watoto watashuhudia mama yao akikatwa.

Msinisifu kwa kilichofuata. Nilichoweza ni kutoa kamera mfukoni na kumrekodi mzee anayeongoza sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, akizungusha rungu lake hewani. Nikampa ajitazame.

Akatazama. Pale kwenye kioo rungu lilikuwa linashikwa na mikono minne. Akaninyooshea kidole. "Hii nini?"

"Ndivyo ilivyo, baba," nikasema, nikasikia ninalia. "Inamwongezea kila mtu mikono. Nilijua tangu mwanzo."

Kamera ikapita kwa watu. Mmoja nyuma akanong'ona, "Kumbe hata mzee ni mchawi!" Nikajua sasa tumekwisha wote. Lakini mzee akawaamuru washushe mapanga, kisha akanizaba kofi lililonikalisha chini. Walipoirudia video ya asubuhi ndipo wakauona mkanda wenyewe. Ulikuwa na mpasuko mrefu, umeshonwa kwa waya, unapita polepole mbele ya macho yetu na kurudi tena. Asubuhi hatukuutazama, tulikuwa tunatazama mkono. Mwenye karasha alishaondoka.

Mama Kulwa hakuguswa. Ila jioni ile ile alifunga godoro lake. Alipopita mbele ya kibanda changu na watoto nikamwamkia. Hakuitikia. Mikono yote miwili alikuwa ameificha ndani ya kitenge.

Nikasikia amekwenda Bugarama kuanza upya. Siku moja Doto akanipigia kwa simu ya kuazima. "Kaka, mama anauliza, ile video uliifuta?"

"Niliifuta, Doto. Siku ile ile."

"Mbona huku wanayo?"

Nyuma yake nilimsikia mama yake akimwambia akate simu wafunge mizigo. Namba ile nikiipiga anapokea mtu mwingine, anasema hao walishahama na hajui walikoelekea.

Wewe unayenunua kamera hizi ukafurahi kuitwa fundi, waonyeshe watu makosa yake siku ya kwanza, wakati bado ni ya kuchekwa. Onyesha kuku wako wa vichwa viwili! Mimi nilimficha ili nionekane wa maana.

Sasa mwano ukilia hapa, hata ukiwa wa ng'ombe aliyeibiwa, huwa wa kwanza kutoka. Nakimbia huku nawauliza ninaokutana nao ni nyumba ya nani.