Mikono Iliyomwinua Barasa

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu, na nikiwaona mkienda kwenye matamasha na simu zenu mmeziinua juu, inanirudia yote. Ilikuwa Jumamosi mchana mjini Kitale, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana msaidizi katika studio ya picha kule Kanduyi, nikatumwa kupiga picha bendi ya vijana waliokuwa wamepagawa na metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma mpaka kifua kinatetemeka. Kaseti za kwanza waliachiwa na mwalimu mzungu aliyekuja kujitolea. Wazazi walisema ni kelele za shetani. Mimi niliupenda, na sioni haya kukwambia.

Bendi yenyewe sikuitazama sana. Macho yangu yalikuwa kwa watu waliokuwa mbele ya jukwaa. Walifanya duara, wakawa wanaruka na kugongana mabega kwa nguvu zao zote, hata mlinzi wa ukumbi akadhani ni vita, akatafuta rungu lake. Katikati alikuwa Barasa, kijana wa Naitiri, mtoto wa mzee wa kanisa. Huyo Barasa, mwanangu, ndiye niliyempenda. Hatukuwa tumeambiana neno. Alikuwa akinitazama nikibadilisha filamu, nami nilikuwa naibadilisha polepole makusudi.

Mara akaanguka. Nikapiga picha hapo hapo, kisha nikageuka kutafuta mwingine wa kuanguka. Nyuma yangu wale wale waliomsukuma walikuwa wameshamwinua, mmoja akimpangusa shati. Ndivyo walivyokuwa katika duara lao: ukimwangusha mtu, huruki tena mpaka asimame.

Mzee Wekesa, mwenye studio, aliitazama picha ile ikiwa bado inachuruzika maji.

"Huyu alianguka. Sasa nani alimuinua?"

"Si ni wenzake tu, Mzee. Wote walimshika."

"Mbona siwaoni? Wewe Nafula, ukipata mtu akiwa chini unaenda zako. Kwani alibaki hapo?"

Nilinuna. Nilijiambia, huyu anajua nini, mtu wa kukalisha watu kando ya maua ya plastiki na kuwakataza kucheka!

Barasa alichukua nakala yake, akaipeleka nyumbani kwa furaha. Baba yake akaiona: kijana wake sakafuni, viatu vya watu vimemzunguka kichwa. Akaja mpaka Kanduyi, picha ameitia ndani ya Biblia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Binti yangu, hawa watu walimfanyia nini mtoto wangu?"

Nikamweleza kwamba walimwinua, kwamba ule ulikuwa mchezo wao.

"Nionyeshe basi. Hata mkono mmoja tu."

Sikuwa na mkono wa kumwonyesha. Kabla mwezi haujaisha, Barasa alivushwa mpakani Lwakhakha, akapelekwa kwa mjomba wake upande wa Uganda akalime kahawa, asahau magitaa. Hakupata hata nafasi ya kuniaga.

Bendi ilipocheza tena, niliingia mwenyewe ndani ya duara. Nilipigwa kiwiko, mdomo ukavimba. Kijana mmoja akaanguka mbele yangu, na safari hii nilingoja. Ee Mungu, nilivyongoja! Mikono ilipoteremka kutoka kila upande, ndipo nikapiga. Nikaipeleka picha hiyo Naitiri.

Baba yake Barasa akaisogeza karibu na macho. "Huyu ni nani?"

"Simjui, Baba."

"Na hawa wanaomuinua?"

"Nao hawamjui."

Alitazama pembeni, akasema atatuma mtu amrudishe kijana. Mtu alitumwa, akarudi peke yake. Barasa alikuwa ameshaondoka kwa mjomba. Wengine walisema Kampala, wengine walisema mbali zaidi. Hakuna aliyewahi kujua kwa hakika.

Niliolewa na mtu mwema, nikazaa, nikacheka sana maishani, usinihurumie. Lakini nilipiga picha za umati miaka mingi, Bungoma na Kitale, harambee kwa harusi, na katika kila umati nilimtafuta Barasa. Hata leo bado namtafuta, na ninamtamani bado.

Kwa hiyo mwanangu, nakuomba hili. Ukimwona mtu ameanguka, usiondoke na hiyo picha na kwenda kuitangaza. Ngoja kidogo, uone nani anainama. Na ukiona hakuna anayeinama, tia kamera mfukoni, uiname wewe. Na kama yupo unayempenda, mwambie leo, usiendelee kuchezea filamu kama mimi.

Mungu akupe subira ya kungoja, mwanangu, na yule unayemngoja amlete kabla hujazeeka.