Blanketi la Duka la Ghorofa

Duka la ghorofa la Iringa lilikuwa na ngazi kumi na nane. Nilizihesabu nikipanda, nikazihesabu tena nikishuka. Chini kulikuwa na misumari na sufuria. Juu vitambaa, viatu na kioo kirefu ambacho watu wa Kilolo walipanga foleni kujitazama, kisha wakaenda zao bila kununua. Mhindi aliyelijenga hakuwafukuza. Kwake bei ilikuwa mwanzo wa mazungumzo: ulitaja yako, akaapa unamuua, ukaondoka, na kabla hujafika mlangoni akaita, "Rudi, bwana, rudi!" Nilijifunza kuondoka pale pale. Niliondoka vizuri sana.

Miaka ya sabini duka likawa la umma. Kioo kilibaki, bidhaa zilipungua.

Wakati huo nilikuwa naposa Kilolo. Majembe ya mahari yalishapokelewa. Lilibaki blanketi la bibi yake mchumba, na wajomba walisema bila blanketi nisikanyage kwao Jumamosi. Mbeya sikulipata, Mbalizi sikulipata. Ijumaa nikalikuta ghorofani Iringa, moja tu, la kijivu.

"Nipunguzie, dada," nikamwambia muuzaji.

"Ndugu, bei imebandikwa."

"Kilichobandikwa si hubanduka?"

"Ndugu, unanunua au unahubiri?"

Nikaondoka. Nilitembea polepole, nimpe nafasi ya kuita. Nikashuka ngazi zote. Kimya. Niliporudi mbio, mama mmoja wa Kihesa alishalipia, analikunja.

"Shikamoo mama. Hilo lilikuwa langu."

"Marahaba. Lako, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napatana bei."

"Ukiwa chini ya ngazi?"

Muuzaji alicheka hadi akashika meza. Nikamweleza mama habari za uchumba, wajomba na Jumamosi. Akanitazama juu hadi chini, macho yakatua kwenye koti langu la sufu.

"Mzee wangu analinda shule usiku. Blanketi au koti, kwangu sawa."

"Nibakizie hata vifungo."

"Na vifungo vyake."

Vilikuwa sita. Alivihesabu mara mbili, nikamheshimu.

Baridi ya Kilolo mwezi wa saba haina mchezo. Nilipiga magoti mbele ya bibi nikiwa na shati tu, blanketi mikononi, meno yakigongana. Mjomba mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba hajapata kuona mkwe mwenye adabu ya kutetemeka hivi.

Sikumsahihisha. Bibi alijifunika, nikapewa mke.