Jani Lililoliwa na Mdudu

Sifa ni zako, ee Mungu, uliyeliumba ua na mdudu anayelitafuna.

Mwaka ule wa korona mke wangu alilazwa hospitali, nasi tulikatazwa kumwona. Jirani yetu Mkenya, muuguzi wa wodi ile, alimshikia simu sikioni. Nikamwita mke wangu, nikasikia pumzi tu.

“Baba, hataki kula wala kusema,” muuguzi akaniambia. “Ni kama amekata tamaa.”

“Nimpelekee waridi lake?” Alikuwa na waridi jeupe alilokuwa akililea kwenye ndoo, roshani kwetu mtaani Liverpool.

“Maua hayaruhusiwi. Karatasi ndani ya plastiki, labda. Kesho naingia zamu saa nane, nitapita kwenu kuichukua.”

Nilikuwa na kitabu nilichonunua mtaa wa jirani, Cabramatta, kabla maduka hayajafungwa, cha wachoraji wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Walichora maua kwa rangi za maji, pale pale yalipoota, pamoja na majani yaliyotobolewa. Rangi nyeupe hawakuipaka, waliiacha karatasi yenyewe. Nilikuwa nikiijaribu njia yao kwa rangi za mjukuu wangu.

Asubuhi nikakaa mbele ya ndoo. Helikopta ya polisi, ya kuhakikisha watu hawatoki nje, ilizunguka juu ya mapaa, nikainua brashi hadi ipite. Tone moja likidondokea petali, weupe umekwisha. Nikapaka kijani, nikangoja kikauke, nikasali, nikapaka tena. Chini palikuwa na jani lililoliwa na mdudu, na jingine limenyauka. Nilitamani kuyaacha. Mgonjwa apelekewe mnyauko? Lakini wale wa kitabuni hawakumsahihisha Mungu. Nikayachora yote mawili.

Muuguzi akagonga. “Haijakauka vizuri, mwanangu.”

“Itakauka njiani, baba. Nimechelewa.”

Jioni simu ikalia. Pumzi, kama jana. Nikafumba macho.

“Mzee.” Sauti ilikwaruza.

“Naam, mama.”

“Ua langu hulimwagilii.”

“Nalimwagilia.”

“Uongo. Jani nimeliona. Na mdudu naye umemkaribisha mezani?” Akakohoa muda mrefu, nikashika ukuta. “Nikirudi nikute limekufa, utanitambua.”

Nyuma yake muuguzi alicheka: “Basi kula, mama, upate nguvu za kumgombeza.”

Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Nikachukua jagi la maji, nikaenda roshani.

Nawe unayesoma, Mungu akulinde, akujalie mtu wa kukugombeza hadi uzeeni.